Shetani Ana Jina, Kijiji Hakina

Nianze na hukumu yangu kabisa tusije tukazungushana. The Ivory Game ni filamu nzuri ya upelelezi, na ni filamu pungufu kuhusu ujangili. Uzuri wake na upungufu wake vimepikwa chungu kimoja. Kile kinachokufanya usahau chai mpaka ipoe ndicho kinachoifanya kamera ipite mbele ya watu bila kuwaona.

Kwa ambao hamjaiona: ni dokumentari ya mwaka 2016, ya karibu saa mbili, iliyoongozwa na Kief Davidson na Richard Ladkani, na Leonardo DiCaprio ni mmoja wa watayarishaji wake wakuu. Netflix waliitoa Novemba mwaka huo, ikaingia kwenye orodha ya filamu 15 zilizofikiriwa kwa tuzo ya Oscar ya dokumentari. Inafuata watu kadhaa kwa zamu. Yupo Hongxiang Huang, mwandishi wa habari wa Kichina anayejifanya mnunuzi wa meno huku kamera ameificha. Yupo Andrea Crosta, Mwitaliano wa WildLeaks. Yupo Georgina Kamanga, mama wa intelijensia ya wanyamapori Zambia, na Craig Millar upande wa Kenya, chini ya Kilimanjaro. Lakini uti wa mgongo wa filamu uko kwetu. Ni Elisifa Ngowi na kikosi kazi cha Tanzania cha kupambana na uhalifu mkubwa, wanamsaka mtu mmoja anayeitwa Shetani.

Hali yenyewe haikuwa ya kuchezea. Hesabu ya tembo Tanzania mwaka 2009 ilikuwa kama 109,000. Mwaka 2014 walibaki kama 43,000. Selous peke yake, ambayo katikati ya miaka ya 1970 ilikuwa na tembo zaidi ya 100,000, mwaka 2013 ilihesabiwa kuwa nao kama 13,000 tu. Kwa hiyo mtu akisema filamu hii imekuza jambo, mimi simo. Jambo lilikuwa kubwa kuliko filamu.

Sasa kwa nini niiandike kwenye blogu ya fasihi? Kwa sababu nilipoiangalia mara ya pili niligundua kwamba hadithi hii naijua. Nimeisoma tangu sekondari, kwenye vitabu vilivyochanika jalada tulivyokuwa tunaazimana chini ya dawati. Ni Willy Gamba. Aristablus Elvis Musiba alitupa mpelelezi wa serikali, jasiri, asiyelala, anayeruka kutoka mji mmoja hadi mwingine akifuata adui wa taifa. Katika Kufa na Kupona na Kikosi cha Kisasi, adui anatoka nje: makaburu na vibaraka wao. Taifa ni safi, uovu umeingizwa, na kazi ya shujaa ni kuutoa. Joram Kiango wa Ben Mtobwa ni mtukutu zaidi na hapendi kutumwa na mtu, lakini naye anatukimbiza hivyo hivyo mpaka ukurasa wa mwisho.

The Ivory Game imejengwa kwa mbao hizo hizo. Muziki unadunda, magari yanakwenda bila taa, simu inalia usiku, mlango unagongwa. Kila wakikaribia kumkamata mtu, tunahamishiwa nchi nyingine ili roho zetu zibaki juu. Ni ufundi wa sura fupi fupi, ule ule uliotufanya tusome Musiba kwa kibatari. Siudharau. Filamu nyingi za wazungu kuhusu wanyama wetu hazina Mwafrika hata mmoja anayefikiri. Humu anayefikiri kuliko wote ni Ngowi.

Na Ngowi ndiye kitu bora kabisa ndani ya filamu. Si Gamba hata kidogo, hata kama waongozaji wangetamani awe. Ni mtumishi wa umma wa makamo, ana uso wa mtu aliyesoma mafaili mengi na kulala kidogo. Anapozungumza na vijana wake kwa Kiswahili, sisi tunasikia kitu ambacho maandishi ya Kiingereza chini ya kioo hayawezi kukibeba: ile sauti ya mkubwa wa kazi anayeongea polepole kwa sababu hahitaji kupiga kelele. Mtazamaji wa London anasoma amri. Sisi tunasikia utumishi, uchovu, na woga kidogo. Kwa hilo peke yake filamu inastahili bando lako.

Shida yangu inaanzia kwenye jina.

Jina la utani la huyu mtuhumiwa kwa ukamilifu ni Shetani Hana Huruma. Filamu imelipokea jina hilo kama zawadi, na ni kweli, mwandishi gani wa hadithi za kusisimua angelikataa? Lakini jina hili linafanya kazi ya hakimu kabla hakimu hajakaa. Ukishaitwa Shetani, swali la nani alikutuma, nani alikununulia risasi, nani alikupisha kwenye kizuizi cha barabarani, linakuwa dogo. Shetani hatumwi na mtu. Shetani hana bosi. Filamu inatuambia anahusishwa na vifo vya tembo 10,000. Alikamatwa Oktoba 2015 Dar es Salaam, na Machi 2017 mahakama Dodoma ikampa miaka 12. Kesi hiyo ilihusu meno 118. Namba mbili hizo ziweke pamoja uzitazame: 10,000 kwenye filamu, 118 mahakamani. Simtetei mtu. Nasema tu kwamba katikati ya namba hizo mbili kuna nchi nzima, na huko ndiko kamera haikwenda. Kesi za namna hii zina tabia ya kuendelea kwenye rufaa, ambako majaji wanasoma upya kila hati ya ukamataji na kila jina la shahidi. Muziki haudundi huko, kwa hiyo hakuna anayepeleka kamera.

Naandika haya nikiwa Mishamo, wilaya ya Tanganyika, mkoa wa Katavi. Ukitoka Mpanda ukashika njia ya Uvinza, kisha ukakata kuingia porini, utatufikia, mvua ikiruhusu. Nimeiangalia filamu hii hapa na watu wa nyumbani, kwenye laptopu iliyowekwa juu ya gunia la mahindi, mimi nikiwa mtafsiri. Tumekulia kwenye mabanda ya video na sauti za akina Lufufu, kwa hiyo kazi ya kutafsiri nilipewa bila kuulizwa, na nilipozubaa nikakumbushwa.

Watu wa kijijini ni wahakiki wazuri kwa sababu hawajui kwamba kuna maswali ya kistaarabu. Tembo walipoonyeshwa kutoka angani, kundi zima likitembea kwenye vumbi la dhahabu, shangazi yangu aliuliza, "Hao wote hapo wanakula nini?" Ni swali la mkulima. Hapa tembo akiingia shambani usiku, familia inaamka na madebe na mienge, na asubuhi unahesabu mashina yaliyobaki. Serikali ina maneno mawili mazuri kwa hali hiyo, kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa mtu aliyeuawa, na kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi kuwa shilingi 1,000,000. Filamu ina kipande kifupi upande wa Kenya ambapo wakulima wamechoshwa na tembo na wamekasirika kweli. Ni cha maana kuliko vyote, nacho kinapita haraka, kwa sababu Shetani anasubiri.

Baba mdogo alikaa kimya karibu filamu nzima. Mwishoni, jamaa alipokuwa ameshatiwa pingu, akaniuliza, "Sasa mwanangu, ule mzigo ulibebwa na nani?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu filamu haina jibu. Meno hayatembei. Jino moja la tembo dume linaweza kumchosha mwanaume mzima. Kuna mtu aliyelitoa porini kichwani au kwa baiskeli, kuna aliyelilaza chini ya kitanda, kuna mama aliyepika kwa ajili ya wageni ambao aliambiwa asiwaulize majina. Watu hawa walilipwa kidogo kuliko wote, na ndio wa kwanza kupigwa mlango ukivunjwa. Kwenye filamu wanaonekana kama miguu inayokimbia kwenye mwanga wa tochi.

Swali la baba mdogo lina uzito wa pekee hapa kwetu. Mishamo ilianzishwa mwaka 1978 kwa ajili ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Walishushwa porini, wakakata miti, wakajenga vijiji 16. Wazazi wangu ni miongoni mwao. Kwa miaka mingi kutoka nje ya makazi ulihitaji kibali. Uraia wa Tanzania watu wetu walianza kukabidhiwa vyeti vyake Oktoba 2014, wakati filamu hii ikiwa inapigwa. Yaani wakati Ngowi anamtafuta Shetani, sisi tulikuwa tunajifunza kuitwa wananchi.

Na jina la Burundi lina historia mbaya kwenye biashara hii. Mwaka 1986, CITES ilipoamua kusajili akiba zote za meno duniani, Burundi ilisajili tani zipatazo 89, nchi ambayo tembo wake mwenyewe unaweza kusema hawakuwepo. Meno yale yalitoka kwa majirani, Tanzania ikiwemo. Waliofaidika walikuwa wafanyabiashara wenye magari, ndege na mihuri. Lakini lafudhi ndiyo iliyobaki. Mpaka leo ukizungumza kwa lafudhi ya kwetu kwenye basi karibu na hifadhi, kuna jicho linakugeukia. Ndiyo maana nikisikia kwenye hadithi ya upelelezi kwamba mtandao unafika hadi Burundi, bila maelezo zaidi ya hapo, huwa nasimamisha filamu kidogo. Kwa mtazamaji wa mbali ni jina kwenye ramani. Kwa sisi ni jicho la kwenye basi.

Liisa Malkki, mwanaanthropolojia kutoka Finland, aliishi na watu wa hapa katikati ya miaka ya 1980 na akaandika Purity and Exile, kilichotoka 1995. Unaweza kubishana naye, mimi hubishana naye, lakini alifanya jambo moja: aliacha watu wa Mishamo wasimulie kwa urefu, hata pale simulizi zao zilipopingana na vitabu. Na TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyamapori, mwaka 2008 lilitoa ripoti kuhusu nyama ya porini kwenye kambi za wakimbizi za Kigoma na Kagera. Kichwa chake ni lile jina la kambini lenyewe, mchicha wa usiku, kwa sababu nyama ile ilipikwa gizani. Ripoti ilisema wazi kwamba mgao wa chakula haukuwa na nyama, na watu wanaotafuta kitoweo si sawa na mtandao wa meno. Ripoti kavu ya shirika iliona tofauti ambayo filamu yenye bajeti kubwa haikujisumbua nayo.

Kuna jambo kubwa zaidi lililokatwa kwenye picha. Ngowi na wenzake wanafanya kazi katika nchi iliyokuwa imetoka tu kwenye Operesheni Tokomeza. Mnaikumbuka. Ilianza Oktoba 2013, jeshi, polisi na askari wa wanyamapori kwa pamoja, na mwezi haukuisha vizuri kabla Bunge halijalipuka. Kamati ya James Lembeli ilileta taarifa yake Desemba 20, 2013: raia 13 waliuawa, wengine waliteswa, wanawake walibakwa, mifugo ilipigwa risasi. Khamis Kagasheki akajiuzulu mle mle bungeni, na usiku huo Waziri Mkuu Mizengo Pinda, mtoto wa mkoa huu huu wa Katavi, akatangaza kwamba Rais Kikwete ametengua uteuzi wa mawaziri wengine watatu: Emmanuel Nchimbi, Shamsi Vuai Nahodha na David Mathayo. Baadaye ikaundwa tume ya Jaji Hamisi Msumi.

Hiki si kipengele cha pembeni. Ukiangalia msako wa usiku kwenye filamu bila kuijua Tokomeza, unaona ushujaa. Ukiujua, unaangalia mikono ya kila mtu aliyeshika tochi. Naamini kabisa kwamba kikosi cha Ngowi kilikuwa njia bora kuliko Tokomeza: intelijensia badala ya nguvu, mtu mmoja anayejulikana badala ya kijiji kizima. Filamu ingetuambia hivyo, Ngowi angekuwa mkubwa mara mbili. Tungeona ofisa anayejaribu kufanya kazi safi juu ya ardhi ambayo wenzake wameichafua. Badala yake anaonekana kama mtu aliyeshuka kutoka mawinguni na gari jeupe.

Najua nitajibiwa kwamba filamu ya saa mbili haiwezi kubeba kila kitu, na kwamba waliopigana vita hii walikuwa hatarini kweli. Ni kweli. Agosti 16, 2017, hata mwaka haujatimia tangu filamu itoke, Wayne Lotter wa PAMS Foundation, shirika lililokisaidia kikosi hicho, alipigwa risasi Masaki, Dar es Salaam. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliwahukumu watu 11 kunyongwa kwa mauaji hayo. Kwa hiyo hofu unayoiona usoni mwa watu ndani ya filamu haikuigizwa. Hilo nalisema kwa heshima. Lakini ujasiri wa watu haulindi hadithi yao isikosolewe. Na tembo kama 66,000 hawakumalizwa na mtu mmoja katika miaka mitano. Ulihitajika mnyororo mrefu wa watu wa kawaida na wa watu wakubwa, na dokumentari yenye waongozaji wawili, nchi kadhaa na ndege ilikuwa na nafasi ya kuufuata hatua chache zaidi.

Fikiria hadithi waliyokuwa nayo mlangoni. Kikosi hicho hicho ndicho kilichomkamata Yang Fenglan, aliyebandikwa jina la Malkia wa Pembe. Huyu mama alisoma Kiswahili Beijing, akaja Tanzania miaka ya 1970 kama mkalimani kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA, akaja kufungua mgahawa Dar es Salaam, akawa mtu wa heshima katika jumuiya ya wafanyabiashara wa Kichina. Februari 2019 Mahakama ya Kisutu ilimhukumu miaka 15, pamoja na Watanzania wawili, kwa biashara ya meno zaidi ya 800. Mkalimani! Mtu aliyeingia nchini kupitia lugha yetu, kwenye mradi tuliouita wa udugu. Huyo hawezi kuandikwa na Musiba. Kwa Musiba mgeni ni mgeni na kibaraka ni kibaraka. Huyo anamhitaji mwandishi mwingine.

Mwandishi huyo tunaye. Muhammed Said Abdulla alimleta Bwana Msa mwaka 1960, katika Mzimu wa Watu wa Kale. Bwana Msa hakimbii na gari. Anavuta kiko, anauliza nani ni nani kwa nani, nani alirithi, nani alinyimwa, nani anamficha nani. Watu huwa wanamtaja kama Sherlock Holmes wa Unguja na kuishia hapo. Mimi naona tofauti iko kwenye uovu wenyewe: kwa Abdulla hauingizwi na meli usiku. Umekaa ndani ya nyumba, unakula nasi, na ukifichuliwa lazima uanze kupanga upya ukoo wako mwenyewe. Bwana Msa angekuja Mishamo asingeuliza kwanza Shetani yuko wapi. Angeuliza lile la baba mdogo: mzigo ulibebwa na nani? Halafu angekaa kwenye kigoda asubiri, maana jibu la swali hilo halitolewi siku ya kwanza.

Nasikia wengi mkisema dokumentari za uhalifu ndizo riwaya za zama hizi. Inawezekana. Basi tuzisome kama riwaya, tuulize nani kapewa jina, nani kapewa sauti, na nani kapewa miguu tu. Itazameni The Ivory Game, kwa ajili ya Ngowi hasa. Ukimaliza, fungua tovuti ya Bunge, tafuta Hansard ya Desemba 20, 2013, usome taarifa ya Lembeli na michango ya wabunge waliosimama baada yake, kila mmoja na mtu wa jimboni kwake. Ni ndefu, haina muziki, na imeandikwa kwa Kiswahili.